Shimo lenye mwamba: kisa cha madebe mawili ya sukari, 1983

Kwa nini nakiandika

Hiki kisa nimekisimulia misibani, harusini, mpaka kwenye basi, na kila nikimaliza watu wakishacheka lazima atokee mmoja aulize, "sasa si mngeuliza tu?" Hilo swali ndo limenifanya nikae chini nikiandike chote, mwanzo mpaka mwisho, maana jibu lake ni refu kuliko linavyoonekana.

Majina nimeyatoa. Wahusika ni Babu, Bibi, Baba Mdogo (bwana harusi), Fundi (jirani wa kushoto, cherehani) na Bwana Afya. Mji ni mji mmoja wa kwenye reli ya kati, inatosha. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Bibi nilimuomba ruhusa kabla hajafariki, akasema andika ila usiseme sukari ilikuwa ya nani, andika ilikuwa ya watu.

Ilikuwa yake.

Usuli: nchi baada ya vita

Kwa ambao hawakuwepo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, tarehe 2 Novemba Mwalimu akahutubia akasema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, na kweli Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Ila vita ina bili, na bili ilikuja wakati mbaya, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishakufa 1977, bei ya mafuta duniani ikapaa 1979 hiyohiyo, fedha za kigeni hamna, viwanda vinakosa vipuri na malighafi, basi maduka yakabaki na rafu na muuzaji.

Mwalimu akaomba tufunge mikanda miezi 18. Babu alikuwa karani wa zamani, mtu wa hesabu, akawa anachora alama ya mkaa ukutani sebuleni kila mwezi ukiisha. Ilipofika alama ya 40 Bibi akachukua chokaa akapaka ukuta mzima bila kusema neno.

Sabuni ikiadimika nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai, na niwaambie kweli yanatoa uchafu ila shati linabaki na rangi ya kijani kwa mbali kama lina homa ya manjano. Unga ulikuwa ule wa njano wa msaada kutoka Marekani, watu wakaubatiza Yanga kwa sababu ya rangi. Baba Mdogo ni Simba wa kufa na kuzikwa, alikuwa anaula ugali ule amegeukia ukutani.

Foleni nazo zilikuwa maisha kamili. Unaenda alfajiri duka la ushirika unaweka jiwe lako, unarudi nyumbani kunywa uji, jiwe linapanga foleni kwa niaba yako. Jiwe letu lilikuwa na mstari wa rangi ya mafuta ya bluu. Kuna watu walikuwa wanaheshimu jiwe la mtu kuliko mtu mwenyewe.

Sasa Februari 1983 Sokoine akarudi kuwa Waziri Mkuu, na haikupita muda ikaanza ile kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa. Kusema ukweli ilikuwa na sababu zake, walanguzi walikuwepo na walituumiza, kuna watu walikutwa na maghala ya bidhaa wakati sisi tunafulia mpapai. Ila sheria yake ilikuwa kali, ukikamatwa hakuna dhamana na kwenye baraza maalumu la kusikiliza kesi hizo wakili haruhusiwi, na habari zilikuwa hizo kila siku redioni. Watu wakaanza kutupa vitu usiku, maporini, mitoni. Asubuhi unakuta redio kichakani. Sisi watoto tulidhani mhujumu uchumi ni aina ya mnyama, mdogo wangu aliuliza kama anakula kuku.

Nyumba yetu ilikuwa na nini

Baba Mdogo alikuwa anaoa Jumamosi. Babu alipata kibali cha kilo 10 za sukari kwa ajili ya harusi, karatasi ya kweli kabisa yenye muhuri. Ila kilo 10 kwa wageni 200 ni aibu, kwa hiyo Bibi alianza mapema, tangu Novemba kila sukari ya kadi ikiingia inaenda moja kwa moja kwenye debe, sisi tunakunywa chai ya chumvi. Miezi mitano, watu 11. Nikikumbuka ile chai mpaka leo ulimi unajikunja.

Mpaka wiki ya harusi tulikuwa na kilo 34, yaani madebe mawili yamejaa pomoni, miche tisa ya sabuni, na doti nane za khanga za upande wa bibi harusi. Hakuna hata kimoja cha wizi, ila kwenye mtaa ambao watu wanaazimana sukari kwa kijiko, ukiviweka pamoja chumbani vinatisha kama bunduki.

Siku yenyewe

Alhamisi. Nimefika foleni saa 11 alfajiri, jiwe liko namba ya 14, vizuri sana. Kwenye saa 2 mama mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake kwa sauti ya kunong'ona, ile ya kunong'ona ambayo foleni nzima inasikia, kwamba wameanza, wako mtaa wa juu, wanaingia nyumba kwa nyumba, mmoja ana daftari na mgambo wawili wako nyuma yake.

Nikaliacha jiwe nikakimbia.

Bibi nilimkuta anachambua mchele. Akaniuliza, "Wanatafuta nini?" Nikamwambia sijui, wana daftari. Akasimama. "Daftari ndo baya," akasema, "bunduki inaweza kukosea, daftari halikosei," akaenda kumwamsha Babu.

Kikao kilikaa chumbani, mlango umefungwa, mimi niko dirishani upande wa nje nasikia kila kitu. Baba Mdogo alitaka vitu vyote vitupwe mtoni usiku. Bibi akamuuliza kama anataka kuoa kwa chai ya chumvi. Babu akasema tupeleke kwa ndugu, ikabidi waanze kuhesabu ndugu, na kila anayetajwa mmoja wao anamkataa, huyu ana mdomo, huyu ana deni letu, huyu mwenyewe anajificha. Mwisho Babu akatoa wazo ambalo wote waliliona la akili sana.

Nyuma ya nyumba tulikuwa tumechimba shimo jipya la choo. Lilikuwa halijaanza kutumika, halijajengewa, limefunikwa kwa magogo na bati kuukuu. Babu akasema, na haya ni maneno yake mwenyewe, "Nani mwenye akili timamu atachungulia shimo la choo?"

Basi. Debe la kwanza Bibi akalifunika kwa mfuniko wake akaziba ukingo wote kwa mshumaa ulioyeyushwa, kwa makini, tone kwa tone, kama anafunga barua ya serikali. Debe la pili mshumaa uliisha, akafunika kwa kitambaa cha kaniki akakifunga na kamba ya katani. Yakateremshwa shimoni kwa kamba ya ndoo. Khanga zikapachikwa juu ya dari la choo cha zamani. Miche ya sabuni ikazikwa kwenye pipa la mchele wa harusi, katikati kabisa, na Bibi akausawazisha mchele juu kwa kiganja kama mtu anayetandika kitanda.

Upande wa pili wa ua Fundi naye alikuwa na vita yake. Alikuwa na jora la kitambaa cha kijani alilolipata anakojua mwenyewe, na akaona kitambaa kikiwa jora ni ulanguzi ila kikiwa nguo ni kazi. Hoja nzuri. Shida ni kwamba kwa haraka ile alikuwa na kiolezo kimoja tu cha karatasi, kaptula ya mtoto wa miaka kama kumi, kwa hiyo akakata jora zima kaptula, saizi moja, cherehani ikalia kuanzia saa 4 asubuhi bila kupumzika kama inakimbizwa.

Saa 8 mchana mvua ikashuka, ile ya Aprili isiyouliza. Saa 9 ikakatika, na mlangoni tukasikia hodi.

Babu akatoka amevaa kofia yake ya kariakoo. Pale nje kijana mmoja mwenye daftari, mgambo wawili, wote wameloa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibuni ndugu zangu, karibuni. Nyumba hii haina kitu."

Mnaona, hata hajaulizwa.

Kijana akasema, "Sisi tunatoka Afya, mzee. Kuna kipindupindu. Tunakagua vyoo."

Nilimwona Babu usoni. Mimi mpaka leo sijawahi kumwona mtu anafurahi na kufiwa kwa wakati mmoja vile.

Hawakutaka kuingia ndani. Hawakutaka kuona chumba, pipa, jiko, hakuna, wao wanataka choo tu. Choo cha zamani Bwana Afya akachungulia, akanusa, akaandika, akainua macho darini akaona pindo la khanga linaning'inia, jekundu, limeandikwa nusu ya methali. Akauliza, "Mnaanika humu?" Bibi akajibu kwamba ni kwa sababu ya mvua. Akaandika na hilo.

Alafu akaliona bati. "Na lile?"

Babu akasema lile ni shimo tu, halina maana, twendeni mkanywe maji. Bwana Afya uso ukafunguka, siku nzima alikuwa anagombana na watu wasiokuwa na choo sasa amepata nyumba yenye choo kipya kabla hawajaambiwa, akasema mzee wewe ni mfano wa kuigwa, lazima niandike urefu wake. Akatoa kamba, ina mafundo kila futi na jiwe mwishoni, mgambo wakaondoa bati, akateremsha jiwe. Fundo moja. Mawili. Tuko kimya wote. Fundo la saba, la nane, la tisa.

*Ngaa.*

Akainua kidogo akashusha tena. *Ngaa.*

"Mzee, huku chini kuna nini?"

"Mwamba," Babu akasema.

"Mwamba unalia bati?"

"Mwamba wa huku una madini, ndugu. Ndo maana tuliacha kuchimba."

Mgambo mmoja akageuka akaanza kuangalia mpapai wetu kwa makini sana, mabega yanatikisika. Bwana Afya akamwangalia Babu, akamwangalia Bibi, akamwangalia Baba Mdogo ambaye alikuwa amefumba macho, akaniangalia na mimi. Alafu akafungua daftari akaandika, na anasoma kwa sauti huku anaandika kama mwalimu wa imla: "Shimo jipya. Futi tisa. Chini kuna mwamba."

Akafunga daftari. Akawaambia mgambo watangulie. Wakishatoka akamwambia Babu kwa sauti ya chini kwamba mke wake amejifungua wiki iliyopita na uji wake hauna kitu. Babu akamjibu, "Pita kesho jioni, mwamba utakuwa umelainika."

Matokeo

Usiku ule tukayatoa madebe. Lililozibwa kwa mshumaa lilikuwa kavu kabisa, kilo 17 salama. Lile la kaniki maji ya mvua yalikuwa yameingia, sukari yote imekuwa sharubati nzito ya rangi ya udongo yenye harufu ya bati. Bibi hakulia wala hakugombana, akaichuja mara tatu kwa kitambaa cha tui akaichemsha, na Jumamosi ndo ikatengenezewa chai ya wageni. Watu walisifia. Kuna mzee alidai ina asali ya nyuki wadogo.

Bwana Afya alipata kilo mbili kutoka debe zuri.

Sabuni ilipona, mchele haukupona. Miche tisa imelala kwenye mchele usiku na mchana mpaka Jumamosi asubuhi, maana kwenye purukushani ya sharubati hakuna aliyekumbuka kuitoa, na pilau ilipoiva ikatoa harufu ya nguo safi. Bibi akaongeza mdalasini na iliki mpaka zikaisha, ikawa harufu ya nguo safi za tajiri. Watu walikula. 1983 mtu hakatai pilau.

Fundi hakukaguliwa hata choo, walipita kwake wakamkuta anashona wakasema huyu mchapakazi wakaendelea. Akabaki na kaptula za kijani zisizo na idadi, na watoto wa mtaa mzima tukavaa kijani mwaka mzima, wadogo wamefunga na kamba kiunoni, wakubwa wanatembea kwa tahadhari. Mgeni mmoja aliuliza hii ni shule gani.

Lile jiwe letu mtu alilisogeza nyuma, ila siku hiyo duka lilileta viberiti tu.

Uchambuzi: nini kilifanya kazi, nini kiliharibika

Turudi kwa yule wa "si mngeuliza." Tungemuuliza nani? Balozi wa nyumba kumi alikuwa hatua kama mia mbili kutoka kwetu, anamjua Babu tangu ujana. Ila kumuuliza balozi "wanaokuja wanatafuta nini" siku zile ilikuwa sawa na kumwambia kuna kitu nyumbani. Swali lenyewe lilikuwa ushahidi. Kwa hiyo kila mtu alinyamaza, na kila mtu akiona mwenzake amenyamaza anaona kumbe kweli kuna jambo. Mtaa mzima ulijificha kwa ajili ya wakaguzi wa vyoo.

Kosa kubwa kuliko yote mimi naliona hapa: mtaani kwetu hakuna aliyejua kiasi. Mhujumu anaanzia kilo ngapi? Tano? Mia? Mwenye ghala alikuwa anajijua, hakuhitaji kuambiwa namba. Asiyejijua ni mtu kama Bibi, mwenye kilo 10 za kibali na kilo 24 alizojinyima mdomoni, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia mstari uko wapi akauchora mwenyewe, akajiweka upande wa wezi. Nilikuja kupiga hesabu nikiwa mtu mzima, kilo 34 kwa wageni 200 ni gramu 170 kwa kila mmoja, vikombe kadhaa vya chai na andazi. Hiyo kesi ungeitetea hata bila wakili. Ila hesabu hiyo hakuna aliyeipiga siku ile, karani mzima yuko ndani ya nyumba! Hofu ilimnyang'anya Babu kazi yake ya miaka 30. Sheria yenyewe ilibadilishwa 1984, ikaja nyingine na mawakili wakarudi, ila kaptula zilikuwa zishashonwa.

Kuhusu kuficha chooni. Watu wanacheka hapa na mimi nacheka, ila kwa taarifa aliyokuwa nayo Babu uamuzi haukuwa mbaya. Askari anayetafuta sukari kweli asingechungulia shimo la choo. Babu alijilinda dhidi ya adui mmoja, akaja mwingine kabisa. Kilichomponza ni kusema "nyumba hii haina kitu" kabla ya kuulizwa, hilo ndo kosa la siku, na kama Bwana Afya angekuwa mtu mwingine lingetugharimu. Mwenye nyumba isiyo na kitu hasemi.

Kilichofanya kazi ni mshumaa. Nasema kweli. Bibi ndo alikuwa mtu pekee siku ile aliyefikiria mvua, wengine wote walifikiria serikali. Na kugawanya vitu sehemu tatu kulisaidia pia, ingawa sabuni na mchele ni jirani wabaya, hilo mpishi yeyote angewaambia, mpishi alikuwa Bibi, na Bibi alikuwa na haraka.

Zile kilo mbili. Mwanangu aliniambia hiyo ni rushwa, period. Sawa. Mimi nilimwona yule kijana alivyosema kuhusu uji wa mke wake, alikuwa anaangalia chini, na daftari alishaliandika kabla ya kuomba. Angeweza kuomba kwanza. Babu mpaka anakufa aliziita pole ya uzazi na hakuwahi kucheka akizitaja.

Nimebaki na swali moja ambalo sijalitatua, la yule mama wa kwenye foleni. Alisema wana daftari na mgambo wawili, wanaingia nyumba kwa nyumba, na kila neno lilikuwa kweli. Hakudanganya hata kidogo. Sukari tuliiongeza sisi.

Choo kile kilikuja kujengwa na kikatumika miaka mingi. Mwaka 2009 tulileta fundi achimbe kingine pembeni yake, kijana wa watu, hajui lolote, ameshaanza kupiga sururu. Bibi alikuwa kwenye kiti chake kivulini, macho yameshapungua nguvu, akamwita. "Mwanangu," akamwambia, "ukifika futi tisa uwe mwangalifu. Hapo kuna mwamba."